Kwa nini mtu mwenye haya zake hujisahau akiwa ndani ya kundi?

Mkazi wa Ngamiani

Assalaam aleykum, na salamu pia kwa wasiosalimiana kwa salamu hiyo. Ninaomba mnisaidie kulifikiri jambo moja ambalo limenikaa kifuani tangu mwezi uliopita, na ninaomba tulijadili kwa utulivu, kwa kuwa wengi wetu humu ni watu wa Tanga na huenda baadhi yetu walikuwapo.

Usiku huo umeme ulikuwa umekatika. Baada ya sala ya isha nilikuwa nikirudi nyumbani kwa kupitia mojawapo ya zile barabara za namba za Ngamiani, nikasikia mwanamke akipiga yowe kwamba amenyang'anywa simu akiwa ndani ya bajaji, na papo hapo neno "mwizi" likapokelewa na sauti nyingine, kisha nyingine, hadi nisiweze tena kutambua ni nani aliyelitamka kwanza. Kufumba na kufumbua, kijana mmoja alikuwa chini. Waliomzunguka hawakupungua arobaini kwa makisio yangu. Wengine walishika mawe, mmoja alishika mnyororo wa baiskeli, na wengi hawakushika chochote isipokuwa simu zilizowashwa taa, ambazo zilimulika uso wa anayepigwa na kuziacha gizani nyuso za wanaompiga.

Katika mwanga huo nilimwona fundi baiskeli wa mtaani kwetu. Huyu ni kijana ambaye kila asubuhi huniamkia kwa kuinamisha kichwa, ambaye mwezi wa Ramadhani hubeba sinia za futari kuzipeleka msikitini bila kuombwa, na ambaye sijawahi kumsikia akimtolea neno chafu hata mteja aliyemdhulumu. Alikuwa akipiga mateke.

Aliyemwokoa kijana yule ni bibi mmoja muuza vitumbua. Alipenya katikati ya watu, upawa bado uko mkononi, akaanza kuwaita mmoja mmoja: "Wewe mwana wa fulani, mama yako anajua kuwa uko hapa? Na wewe mjukuu wa fulani, unafanya nini?" Hakumtetea mtuhumiwa wala hakuhubiri. Aliita majina tu, na kila jina lililotajwa lilimrudisha mwenyewe nyuma hatua mbili tatu, mpaka lile duara likawa na mapengo, na watu wazima wawili wakapata nafasi ya kumwinua kijana na kumpakia katika bajaji ile ile apelekwe hospitali.

Asubuhi nilimuuliza fundi. Hakukana, lakini jibu lake ndilo lililonileta hapa. Alisema, "Baba, yule kijana alipigwa." Nikamwambia kwamba najua alipigwa, ninauliza alipigwa na nani. Akasema, "Watu." Kisha, kwa adabu yake ile ile, akaongeza, "Hata wewe baba ulikuwapo."

Kabla ya adhuhuri picha za video zilikuwa zimefika kwenye kundi la simu la mtaa, na watu waliojiandikisha kwa majina ya wanyama na ya wachezaji wa mpira walikuwa wakilaumu kwamba kazi haikumalizwa. Baadhi yao, ninaamini, ni watu ninaokaa nao barazani.

Maswali yangu ni haya. Je, kinachomvua mtu haya ni kutojulikana, au ni wingi wa watu? Au fundi wangu alikuwa hivyo siku zote, na mimi ndiye niliyekuwa simjui?

Mwalimu Mstaafu, Chumbageni

Ndugu yangu, pole kwa ulichokiona. Nilifundisha saikolojia kwa walimu wanafunzi kwa miaka mingi, na swali lako ni lile lile lililokuwa likiamsha darasa lililosinzia baada ya chakula cha mchana, kwa hiyo uniwie radhi nikirefusha.

Mtu anayetajwa kwanza katika jambo hili ni Mfaransa Gustave Le Bon, ambaye mwaka 1895 aliandika kwamba mtu akiingia katika umati hushuka ngazi kadhaa za ustaarabu, kwamba hisia huambukizana humo kama homa, na kwamba kila mmoja hujiona ana nguvu isiyo na mpaka kwa sababu hakuna wa kumwajibisha. Msomeni kwa tahadhari. Alikuwa bwana aliyeyashuhudia maasi ya Paris ya mwaka 1871, na hofu ya tabaka lake kwa makabwela inanuka katika kila ukurasa. Hata hivyo, wazo lake lilidumu, na mwaka 1952 Leon Festinger na wenzake wawili huko Marekani wakalipa jina la kitaalamu ambalo mimi sikuwahi kuona haja ya kulitafsiri, kwa maana Kiswahili kina neno lake tangu zamani: kujisahau.

Mwaka 1969 Philip Zimbardo aliwachukua wanafunzi wa kike wa chuo kikuu huko New York akawagawa mafungu. Wengine aliwavika makoti mapana na vifuniko vya kichwa vilivyoacha macho tu, wala hawakuitwa kwa majina; wengine walivaa nguo zao za kawaida, na majina yao yakabandikwa kifuani kwa herufi kubwa. Wote waliambiwa wabonyeze swichi ya kumpa mwanamke mwingine mshtuko wa umeme, ingawa kwa kweli umeme haukuwapo na mwanamke yule alikuwa akiigiza tu. Waliofunikwa walishikilia swichi kwa muda unaokaribia mara mbili ya wenzao. Wahenga walishalisema kwa maneno manne, kwamba uso umeumbwa na haya, na jaribio hili ni kama maelezo marefu ya methali hiyo: ufunike uso, uone haya zitakwenda wapi.

Lakini jaribio linalojibu swali lako hasa, yaani kama ni giza au ni wingi, lilifanywa na Ed Diener na wenzake, nao wakalitangaza mwaka 1976. Huko Marekani iko sikukuu ya mwisho wa Oktoba ambayo watoto huvaa vinyago na kupita nyumba hadi nyumba wakiomba peremende. Katika nyumba 27 za mji wa Seattle, watafiti waliweka bakuli la peremende na bakuli la sarafu. Mwenyeji alimwambia kila mtoto achukue peremende moja tu, kisha akaondoka, na mtu aliyejificha akahesabu. Watoto walizidi 1,300. Waliokuja peke yao na kuulizwa jina na makao yao, walioiba walikuwa kama 8 katika kila 100. Waliokuja peke yao bila kuulizwa jina, kama 21. Waliokuja kwa makundi lakini wakaulizwa majina, kama 21 vilevile. Waliokuja kwa makundi na bila kuulizwa majina walikuwa 57. Tazama hesabu hiyo vizuri: giza peke yake na wingi peke yake kila kimoja kilimfikisha mtoto mmoja katika watano kwenye wizi, bali vilipokutana, zaidi ya nusu ya watoto walinyoosha mkono.

Watafiti walifanya jambo lingine ambalo naliona katika jibu la fundi wako. Katika baadhi ya makundi mwenyeji alimnyooshea kidole mtoto mdogo kuliko wote akasema kwamba kikikosekana kitu, huyu ndiye atakayeulizwa. Katika makundi hayo wizi ulizidi. Waliobaki walikuwa wamepata wa kubebeshwa, kama fundi wako alivyompata huyo anayeitwa "watu".

Kuhusu swali lako la tatu, kwamba huenda hukumjua, sidhani. Mtoto aliyechukua konzi mbili za peremende ndani ya kundi hakuwa mwizi aliyejificha muda wote akingoja sikukuu.

Msaidizi wa Sheria, Makorora

Shikamoo Mwalimu. Ninayaheshimu majaribio uliyoyataja, lakini nina pingamizi, nalo linatoka katika kazi yangu ya kuandamana na familia za watu waliopigwa namna hii.

Tunazungumza kana kwamba watu wale hawakujuana. Mwenye swali mwenyewe amemtambua fundi, na bibi aliwatambua wote hata akaweza kuwataja kwa mama zao na babu zao. Mtaa wa Ngamiani si mji wa wageni. Ni mahali ambapo ukinunua nusu kilo ya nyama, jirani wa tatu anajua utapika nini. Kwa hiyo, kama kutojulikana ndiko chanzo, kulikuwa wapi?

Ninavyoona mimi, lazima tuulize ni kutojulikana kwa nani. Wapigaji walijuana wao kwa wao vizuri sana. Hawakujulikana na polisi, hawakujulikana na hakimu, na hawakujulikana na mama wa yule kijana. Hayo ni mambo mawili yanayofanya kazi pamoja: mbele ya sheria wamejificha, na mbele ya wenzao wako jukwaani. Nimewahi kusikia shahidi akieleza jinsi mtu aliyechelewa kufika alivyoulizwa, "Wewe mbona umesimama tu?", naye akaokota jiwe si kwa sababu hakuna aliyemwona, bali kwa sababu walimwona. Wengi wape, husema watu, na usiku kama ule wanachotaka wengi ni jiwe lako moja.

Tena wanaamini kwamba wanatenda haki. Hili halipendezi kulisema, ila bila kulisema hatutaelewa lolote. Mtaani watu wanaamini kwamba mtuhumiwa akipelekwa kituoni leo, kesho atarudi kabla ya mwenye simu hajamaliza kuandikisha maelezo. Imani hiyo iwe ya kweli au isiwe, ndiyo inayomfanya mpigaji alale usingizi. Mtoto wa Seattle alijua kwamba anaiba. Fundi hadhani kwamba alifanya kosa. Anadhani kwamba alishiriki kazi ya mtaa, kama kuzibua mtaro.

Magazeti nayo yana fungu lake. Kila tukio la namna hii huandikwa kwamba mtu ameuawa na "wananchi wenye hasira kali". Mwananchi ni neno la heshima, na hasira kali ni kama hali ya hewa, haina mwenyewe. Sheria haiandiki hivyo. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, katika kifungu cha 22 inamhesabu anayesaidia au kuchochea kosa kuwa mkosaji sawa na mtendaji, na kifungu cha 23 kinasema kwamba watu wakiungana kwa nia moja isiyo halali, na kosa likatokea kama matokeo yanayotarajiwa ya nia hiyo, kila mmoja wao huhesabiwa kuwa amelitenda. Kwa maneno mengine, hoja ya "mimi nilipiga teke moja tu" haigawanyi kosa kwa arobaini. Kila mmoja analibeba zima. Ugumu uko kwenye ushahidi, maana kesho yake watu arobaini wote walikuwa msibani Muheza.

Bintipwani, Raskazone

Ninakubaliana na ndugu wa Makorora kuhusu swali la "kutojulikana kwa nani", nami ninaomba kulipeleka upande wa simu, ambao mwenye swali aliugusa akaupita.

Sisi watu wa pwani tumekuwa na njia ya kumsema mtu bila kugombana naye tangu enzi za bibi zetu. Mwanamke akiwa na lake, huvaa kanga iliyoandikwa "Hasidi hana sababu", akapita mbele ya mlango wa jirani mara mbili, ya tatu akaomba chumvi. Katika taarabu vilevile, mtu huinuka kwenda kumtunza mwimbaji wakati beti fulani inaimbwa, na ukumbi mzima ukajua kuna jambo. Angalieni jinsi kazi ile ilivyopangwa: msemaji anaonekana kwa sura, kwa jina na kwa mwendo, na anayesemwa ndiye aliyefichwa. Akitaka kulipokea fumbo, atalipokea. Akitaka kujifanya halimhusu, nafasi anayo, na kesho watateka maji pamoja. Kwenye simu mambo yamegeuzwa juu chini. Anayesemwa anatajwa jina, picha na nyumba anayokaa, na msemaji ndiye aliyefichwa. Ukali wa maneno huenda ni ule ule wa zamani, lakini zamani ulikuwa na gharama kwa msemaji, sasa gharama yote ameachiwa msemwa.

Mmarekani John Suler aliandika mwaka 2004 kuhusu sababu za watu kulegea ulimi mtandaoni, na mojawapo haihusu jina hata kidogo. Ni kutoonana. Hata ukijua kwamba naitwa nani, sikuoni ukikunja uso wakati nakuandikia, wala sauti yako haitetemeki masikioni mwangu. Yule aliyeandika "mngemmalizia mbali" hakuusikia mlio ambao Mkazi wa Ngamiani aliusikia.

Ndiyo maana nina mashaka na wanaosema kwamba dawa ni kila mtu alazimishwe kutumia jina lake halisi. Korea Kusini walilijaribu hilo kwa sheria kuanzia mwaka 2007, wakazitaka tovuti kubwa zithibitishe utambulisho wa kila anayetoa maoni. Matusi yalipungua kidogo mno. Kisha mwaka 2011 wadukuzi wakaiba taarifa za watu wapatao milioni 35 kutoka kwa kampuni moja iliyokuwa imezihifadhi, na mwaka 2012 Mahakama ya Katiba ya huko ikaifuta sheria ile. Hapa kwetu usajili wa laini za simu kwa alama za vidole ulianza mwaka 2019, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ilikuwa tayari imekwisha kuwapo. Mamlaka zikitaka kumjua aliyetukana, njia zipo. Matusi bado yapo, kwa sababu mtu haandiki akiwa na alama ya kidole chake kichwani. Anaandika akiwa amelala kitandani, mlango umefungwa, anajiona yuko peke yake na wakati huo huo yuko na watu mia mbili.

Niongeze pia kwamba jina la kificho si uovu kila siku. Yako mambo ambayo msichana wa mjini hapa hawezi kuyauliza kwa jina lake, ya mwili wake au ya nyumbani kwao, na humu humu nimeyaona yakijibiwa kwa upole na watu ambao nao hawakujulikana.

Mzee wa Jukwaa la Mzunguko

Mimi si msomi kama hao waliotangulia, lakini umati naujua, kwa kuwa nimekaa uwanja wa mpira wa Mkwakwani tangu Coastal Union hawajachukua ubingwa wa mwaka 1988. Nimemtukana mwamuzi kwa maneno ambayo mjukuu wangu akiyatamka nitamchapa. Siku ya mechi ya Wagosi wa Kaya, yaani hao Coastal, na Wana Kimanumanu, yaani African Sports, nimewasikia mabwana wanaoheshimika, wengine mashehe wa mitaani, wakiimba yasiyoimbika. Filimbi ya mwisho ikilia, wanaomba maji ya kutawadha.

Lakini umati huo huo nimeuona ukifanya kinyume. Mtoto alipotea jukwaani, akalia, na akapitishwa juu ya vichwa kutoka mkono hadi mkono mpaka langoni, na hakuna aliyejua jina la aliyempokea wala la aliyempokeza. Hapo pia watu walikuwa wengi na hawajulikani. Kwa hiyo mimi nauliza, Mwalimu: kama kundi huwafanya watu wanyama, mbona lile lilimlea mtoto? Si wanasema penye wengi hapaharibiki neno?

Mwalimu Mstaafu, Chumbageni

Mzee wangu, marahaba kwa kijana wa Makorora, na wewe umelipiga jambo pale penye fundo. Ninakubali kwamba katika jibu langu la kwanza niliishia mwaka 1976, na elimu haikuishia hapo.

Mwaka 1979 Johnson na Downing walilirudia jaribio la Zimbardo kwa ujanja mmoja. Washiriki wengine waliwavika mavazi yanayofanana na ya kundi la wabaguzi la Ku Klux Klan, na wengine sare za wauguzi. Waliovaa sare za wauguzi, walipofichwa majina, walipunguza ukali badala ya kuuongeza. Nguo iliwafunika wote, ila kila nguo ilikuja na amri yake. Na mwaka 1998 Tom Postmes na Russell Spears walikusanya tafiti 60 za aina hii wakazipima pamoja, wakaona kwamba madai ya zamani, kwamba aliyefichwa huvunja kila kanuni, hayana nguvu. Mtu katika kundi hafanyi lolote tu. Hufuata zaidi kile ambacho kundi hilo, mahali hapo, saa hiyo, linakihesabu kuwa ndicho cha kufanya.

Stephen Reicher aliliona hilo barabarani. Mwezi Aprili 1980, katika kitongoji cha St Pauls mjini Bristol, Uingereza, polisi walivamia mkahawa uliopendwa na vijana weusi, na ghasia zikazuka. Kwa mbali ilionekana ni fujo tupu. Yeye alipozungumza na watu na kulinganisha habari, aliona kwamba walengwa walichaguliwa: polisi, magari yao, benki, huku nyumba za wakazi zikiachwa, na polisi walipotoka nje ya kitongoji hawakufukuzwa zaidi. Wengine walisimama katikati ya barabara wakiongoza magari yapite salama. Umati ulikuwa na mipaka yake, na waliokuwa ndani yake waliijua bila kuambiwa.

Kwa hiyo tulipokuwa tukisema kwamba fundi alijisahau, nadhani sasa tuseme kwamba alisahau sehemu tu. Alisahau kuwa ni fundi, mwana wa mtu, mbeba sinia za futari, akakumbuka kitu kimoja peke yake, kwamba yeye ni wa upande wa wanaomshika mwizi. Bibi alipomwita kwa jina la mama yake hakumfundisha jambo jipya. Alimrudishia sehemu zilizobaki. Baadhi ya wale watafiti wa peremende walikuja wakafanya jaribio jingine mwaka 1979, wakaweka kioo nyuma ya bakuli. Kwa watoto walioulizwa majina yao, kioo kilipunguza wizi sana. Bibi wa vitumbua alikuwa na vyote viwili, jina na kioo.

Mkazi wa Ngamiani

Nawashukuru. Nimesoma kila jibu zaidi ya mara moja. Limebaki moja ambalo ninyi kwa ustaarabu wenu mmeliruka, nalo ni lile la fundi: "Hata wewe baba ulikuwapo." Sikupiga, sikushangilia, sikurekodi. Nilisimama. Nilijiambia kwamba lazima yupo mtu amekwisha kuwaita polisi.

Mwalimu Mstaafu, Chumbageni

Hatukuliruka kwa bahati mbaya, ndugu yangu.

Wazo hilo, kwamba lazima yupo mwingine, lilipimwa na John Darley na Bibb Latané mwaka 1968. Mtu aliketi peke yake chumbani akizungumza na wengine kwa kipaza sauti, kisha akamsikia mmoja wao akishikwa na kifafa. Walioamini kwamba wao peke yao ndio wanaosikia, 85 katika 100 walitoka kutafuta msaada kabla ya kishindo kwisha. Walioamini kwamba wako wasikilizaji wengine wanne walikuwa 31. Hawakuwa na roho mbaya. Wengi walikutwa wakitetemeka. Mzigo uligawanywa kwa watano, na kila mmoja akaona fungu lake ni dogo mno la kumwinua kitini.

Usikate tamaa mapema, lakini. Mwaka 2019 ulichapishwa utafiti wa kanda 219 za kamera za barabarani zilizonasa ugomvi katika miji ya Uingereza, Uholanzi na Afrika Kusini, na katika matukio tisa kati ya kila kumi yupo angalau mpita njia mmoja aliyeingilia, na kadiri watu walivyokuwa wengi ndivyo uwezekano wa kupatikana mmoja ulivyokua. Kwa kila aliyesimama, uwezekano wake ni mdogo. Kwa aliye chini, wingi unaweza kuwa heri. Hapo Ngamiani alipatikana bibi, na baada yake wakapatikana wawili wa kumwinua kijana. Aliyetangulia ndiye mwenye kazi ngumu, na hao wawili sidhani kama wangetokea bila yeye.

Msaidizi wa Sheria, Makorora

Kwa matumizi ya siku nyingine: usipige kelele ya "jamani muacheni", kwa maana "jamani" ni mtu yeyote. Chagua mmoja, mwite, mpe kazi. "Fundi, leta bajaji." Nimeona ikifaulu mara mbili, na mara moja ikashindikana, nikapigwa mimi.

Mkazi wa Ngamiani

Ninarudi kuwapa habari, kisha nitawaachia uwanja.

Jumapili nilikwenda kwa bibi wa vitumbua, nikanunua vya mia tano, nikamuuliza alipata wapi ujasiri wa kuingia kati ya watu wengi namna ile. Alinitazama kana kwamba nimeuliza jambo la kitoto. Alisema macho yake hayaoni vizuri usiku, watu wengi hakuwaona. Aliona miguu, na akamjua mjukuu wa shoga yake kwa kandambili alizomnunulia yeye mwenyewe sikukuu iliyopita. Akaanzia hapo.

Jana nilipeleka baiskeli yangu kuziba pancha. Sikumuuliza fundi kitu. Nilimwita kwa jina lake na la baba yake, jambo ambalo kwa kawaida silifanyi, nikaketi juu ya ile ndoo yake. Alitoa mpira, akautumbukiza katika karai la maji, akautazama unavyotoa mapovu kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akasema bila kuinua uso, "Baba, nilimpiga mateke mawili. La pili lilimpata mbavuni."

Alipomaliza kuziba akaniuliza kama ninajua yule kijana anakaa wapi na anaitwa nani, kwa kuwa angependa kwenda kumtazama. Nikamwambia nitauliza. Nimemuuliza bibi, nimemuuliza mwenye bajaji, nimewauliza wale wawili waliompeleka hospitali. Nimepita tena katika kundi la simu la mtaa, ambako video yake imetazamwa na kila mtu. Hakuna anayelijua jina lake. Kama yupo humu anayelijua, ninaomba aniandikie faragha.